Barua Iliyorudi kwa Antena

Siku hizi nawaona mnabonyeza simu kwa kidole kimoja, kifunguo kidogo kinatokea juu ya kioo, mnasema VPN imekamata, kisha mnaendelea na chai yenu. Sina kinyongo nanyi. Ila kila nikikiona kifunguo hicho nacheka peke yangu, na wakati mwingine sicheki, kwa sababu kilikaribia kunipotezea rafiki. Mmeniomba niwaandikie jinsi tulivyounganisha redio na intaneti hapa Mombasa miaka ile ya tisini. Nitaandika, lakini msitegemee nipange mambo kwa foleni. Kichwa changu ni kama meza ya fundi: kitu utakipata, ila kwanza uinue vingine vitatu.

Jina langu Kadzo. Nimezaliwa Rabai, nikasomea ufundi wa redio, na kazi yangu yote niliifanya katika duka moja dogo la Ndia Kuu, Mji wa Kale, duka la Bwana Jivan. Tulitengeneza redio za meli, za wavuvi wenye mashine, za polisi, na za kina mama waliotaka kusikiliza taarabu bila mikwaruzo. Lakini mapenzi ya Bwana Jivan yalikuwa redio ya ridhaa, na alinivuta nami nikaingia humo. Kama hamjui, redio ya ridhaa ni ya watu wenye leseni wanaozungumza wao kwa wao kwa mawimbi, kutoka nchi hadi nchi, bila malipo na bila biashara, kwa mapenzi tu. Kila mmoja ana jina lake la hewani, la herufi na tarakimu. Mimi nilikuwa nalo, na mpaka leo nikiamshwa ghafla nalitaja kabla ya kutaja la ubatizo.

Siku niliyoanza kazi Bwana Jivan hakunipa pasi ya kulehemu. Alinikalisha mbele ya redio, akanivisha spika za masikioni, akasema nisiguse kitu isipokuwa kitasa cha sauti. Wiki mbili nikasikiliza kelele tupu. Nilidhani mzee amerukwa na akili. Siku ya nne hivi nikaanza kuona kwamba kelele ile si moja. Kuna jokofu la muuza halua wa mtaa wa pili, linanguruma kisha linanyamaza. Kuna winchi za bandarini. Kuna radi za bara, mbali kabisa, zinasikika kama chumvi inayomwagwa sahanini. Na nyuma ya yote hayo kuna uvumi mwembamba usiokatika, ambao Bwana Jivan alisema unatoka juu, kwenye nyota, nami niliamini na bado naamini. Mchana ule wa joto, dirisha wazi, harufu ya kahawa na tangawizi ikipanda kutoka chini, nilikuwa nasinzia na kuamka humo ndani ya uvumi, nikasikia watu hata pasipokuwa na mtu. Sijawahi kupata usingizi mtamu kama ule, na nilikuwa nalipwa mshahara.

Jambo la pili alilonifundisha alilisema mara moja tu. "Kadzo, hewa haina mlango. Maneno gani wewe hawezi sema katikati ya soko la Marikiti, hapana peleka hewani." Kiswahili chake kilikuwa hivyo, na alikuwa amezaliwa hapa hapa kisiwani. Nikaitikia kwa kichwa, nikaandika kwenye daftari, nikasahau.

Sasa niwape ya mikono, kwa maana najua wengine mnasoma kwa ajili hiyo. Mombasa adui yako ni chumvi. Kiungo cha waya juu ya paa ukikiacha uchi, mwaka hauishi kimegeuka unga wa kijani. Sisi tulikilehemu, tukakipaka grisi, tukakifunga kwa mpira wa ndani wa baiskeli uliokatwa utepe, tukavuta kwa nguvu kila mzunguko. Kabla waya haujaingia dirishani, uache ushuke kitanzi, maji ya mvua yadondoke pale chini ya kitanzi, yasiufuate waya mpaka kwenye mashine yako. Nimeona redio ya thamani ikinywa maji ya masika kwa sababu fundi alitaka waya wake uonekane umenyooka vizuri.

Na mtambue majirani. Kulikuwa na mwaka ambao mawimbi yetu yalikufa kila Alhamisi. Jumatano tunazungumza na Bombay, Ijumaa tunazungumza na Unguja, Alhamisi asubuhi kimya. Nilifungua mashine, nikabadilisha vipuri, nikafanya hesabu za jua, maana jua likichafuka mawimbi hupotea. Bwana Jivan akawa anakunywa chai yake ananitazama. Alhamisi ya tano nikapanda paani, nikakuta kanga sita mbichi zimeanikwa kwenye antena, na mwanamke kijana wa nyumba ya pili anabana ya saba.

"Dada, hiyo si kamba ya nguo," nikamwambia.

"Kumbe," akasema. "Mimi nkadhani ndiye Mungu kanionea huruma, kanitilia kamba." Akaendelea kubana. Alipomaliza ndipo akaniuliza ni kitu gani.

Huyo ndiye Zaina. Mumewe, Said, alikuwa injinia wa pili kwenye meli ya mizigo iliyozunguka baina ya Ghuba na Bara Hindi. Wiki ile ile nilimfungia kamba yake mwenyewe ya nguo, nzuri kuliko antena yangu, na tangu hapo tukawa watu wa kupandishiana chai paani. Said aliporudi likizo, nilimfundisha redio mwenyewe, dukani, akapata leseni. Nahodha wake alimruhusu kuweka kiredio chake melini. Kwa hiyo ikawa Zaina anaweza kumpelekea mumewe maneno mawili matatu kupitia kwangu: mama yako mzima, dari imezibwa, tumepata mwezi, Eid ni kesho. Wanawake wengine wa mtaa wakaanza kuja pia kukaa tu na kutazama. Kwa fundi mwanamume wasingekuja.

Intaneti ilipofika Mombasa, ilikuja kwa waya wa simu na modemu inayolia kama paka aliyebanwa mlangoni. Sisi wa redio tulikuwa tayari tuna kompyuta. Tulikuwa na kisanduku kinachogeuza herufi kuwa milio, redio ikairusha ile milio, na upande wa pili kisanduku kingine kikairudisha kuwa herufi. Polepole sana. Ungeweza kumaliza kula embe ukisubiri barua ya mistari kumi. Shida ilikuwa umbali. Mawimbi ya kwetu yalifika meli ya Said siku moja, siku tatu yasifike.

Hapo ndipo handaki lilipoingia. Ninyi mnasema VPN, sisi tulisema handaki. Kulikuwa na mwenzetu wa ridhaa huko Maskati, Bwana Nasoro, mtu mwenye asili ya Unguja, Kiswahili chake cha kupendeza, na antena yake iliitazama bahari yote ya upande ule. Tukakubaliana: mimi nitie barua kwenye kompyuta yangu, iingie intaneti ikiwa imefungwa ndani ya bahasha nyingine, ipite handakini, itokee kwenye kompyuta yake, yeye aifungue bahasha, redio yake iirushe mpaka melini. Na majibu yarudi hivyo hivyo. Niliona kama tumetoboa dunia. Nilikaa miezi nikipatanisha anwani zake na zangu. Namba moja ukikosea, barua inazunguka humo ndani na haitoki.

Kisha ikaja programu mpya iliyoweza kulitia handaki kufuli. Yeyote aliye katikati, mwenye waya wa simu au mwenye mashine huko Ulaya barua inakopita, akichungulia anaona takataka tupu. Ilinichukua wiki kuiweka, wiki ya kula mkate mkavu mbele ya kioo. Ilipokubali nilishuka Ndia Kuu nikatembea bila kujua naenda wapi. Nilijivuna, wanangu. Nikawa namwambia kila anayeingia dukani kuhusu kufuli langu. Bwana Jivan, ambaye wakati huo alikuwa anakuja nusu siku tu, akaniuliza kufuli hilo linaishia wapi. Nikamjibu linaishia Maskati. Akasema, "Haya," akarudi kwenye gazeti lake.

Zaina alikuja alasiri moja, amejifunika buibui vizuri kuliko kawaida ya kuja kwa jirani. Alikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nyingi mpaka imekuwa ndogo kama hirizi.

"Dada Kadzo, haya maneno yatasomwa na nani?"

"Na Said peke yake. Na mimi, kwa kuwa ndiye ninayeyapiga."

"Wewe najua. Na huko ndiani?"

"Njiani yamefungwa kwa kufuli. Hata mimi nikishayatuma siwezi kuyaona tena."

Akaikunjua karatasi mwenyewe, mkunjo kwa mkunjo. Kisha akanipa. Kwa wengine ingekuwa habari ya kupigiwa vigelegele: alikuwa na mimba ya miezi mitatu. Lakini sikilizeni alivyoniambia.

"Mara mbili nshabeba. Mara mbili watu walijua mapema, wakaja, wakanishika tumbo, wakasema maneno mazuri na mengine wakayasema mioyoni mwao. Na mara mbili nimerudi hospitali mikono mitupu. Hii sitaki ijue mtu ila Said, mpaka ionekane yenyewe. Si mamake, si nduguze. Wanifahamu?"

Nilimfahamu. Kwetu Rabai pia mimba haitangazwi. Macho ya watu yanaogopwa kila mahali. Nikamwambia alale usingizi. Nikapiga herufi, nikabonyeza, nikamrudishia karatasi yake, naye akaichana vipande, akavitia kwenye kikombe changu cha chai iliyobaki. Vikalowa, wino ukaelea.

Alipoondoka nilikaa tu. Dirisha lilikuwa wazi, jua limeingia mpaka miguuni kwangu, na redio iko wazi kwenye mawimbi yale tuliyokuwa tukiyasikiliza siku zote. Nilikuwa katika ile hali ya kati, si macho si usingizi, nikisikia milio ya vituo vya mbali ikija na kupotea. Kisha mlio mmoja ukaja wazi kabisa, mnene, na kisanduku kikawasha taa yake ya kijani. Kwenye kioo zikaanza kutokea herufi. Jina la hewani la Maskati. Jina la hewani la Said. Halafu, mstari kwa mstari, bila haraka, maneno ya Zaina.

Barua niliyoifungia ardhini ilikuwa imerudi kwangu kwa antena, wazi, kila neno mahali pake.

Bwana Nasoro hakukosea. Alifanya nilichomwomba: alifungua bahasha akairusha. Na hangeweza kuirusha ikiwa imefichwa, kwa sababu leseni yetu inakataza. Katika redio ya ridhaa unazungumza wazi ili yeyote asikie. Nilijua hilo miaka kumi na mitano. Nilijua, na kufuli jipya likanipumbaza nikasahau kwamba mwisho wa handaki kuna hewa, na hewa haina mlango. Kwa hiyo mkiuziwa kufuli, ulizeni linaishia wapi, na jibu mlisikilize, msifanye kama mimi.

Hapo ningekaa kimya, mambo yangeisha. Lakini mimi ni mtu wa miguu myepesi. Niliwaza: ni nani hapa kisiwani anasikiliza mawimbi haya na anajua Kiswahili? Wawili tu. Kapteni Mwachiro, rubani mstaafu wa bandari, wa Kizingo. Na Maalim Athmani wa Kibokoni, mwalimu wa madrasa mwenye redio moja nzuri sana. Nikafunga duka nikaenda.

Nilipita barabara ya Mama Ngina, kando ya bahari, kwa miguu, watu wanakula mihogo wakitazama meli zikiingia mlango wa bandari, nami sikuona chochote. Kapteni nilimkuta barazani kwake, chini ya feni, daftari la redio mapajani.

"Masalkheri, Kapteni. Leo ulisikia Maskati?"

"Masalkheri, fundi. Nilisikia. Saa tisa na dakika arobaini, ishara nzuri." Akanigeuzia daftari nione. Ameandika saa, jina la kituo na nguvu ya mawimbi. Basi.

"Na barua?"

"Barua haikuwa yangu," akasema. "Usikiapo lisilokuhusu hulirudii kwa mtu. Wewe si ulifanya mtihani huo huo wa leseni?"

Nilifanya. Nikamshukuru, akaniuliza kama nataka maji ya madafu, nikasema nina haraka. Laiti ningekunywa yale maji.

Kibokoni nilifika natoka jasho. Maalim Athmani alikuwa amekaa ukumbini, mlango wazi. Nilipiga hodi na kuingia kwa pamoja. Alifungua kinywa anikaribishe, sikumpa nafasi.

"Maalim, nakuomba kwa heshima zote, ile barua ya Zaina uliyoisikia leo hewani, habari ya mimba yake, iishie hapo hapo kwako. Usimwambie mtu."

Maalim alinitazama kwa huruma.

"Barua gani, mwanangu? Redio yangu si iko kwako dukani? Mwezi wa pili huu nangoja unitengenezee."

Ilikuwa kwenye rafu ya tatu. Nilikuwa naipangusa vumbi kila asubuhi. Na nyuma ya pazia la ukumbi nikasikia mtu akikohoa kidogo, kile kikohozi cha mtu anayekaribia kucheka au kulia. Alikuwa Bi. Rukia, mkewe Maalim. Bi. Rukia ni shangazi yake Said.

Nasema haya leo mnacheka. Chekeni, nami nacheka. Siku ile nilisimama katikati ya ukumbi wa watu nikatamani sakafu ipasuke. Maalim aliingia ndani kuzungumza na mkewe, na nadhani alijitahidi. Lakini Bi. Rukia hakuwa na leseni ya redio, wala hakuwa na nia mbaya. Alikuwa na furaha aliyoingoja miaka sita, tangu Said aoe, imemkaa kifuani. Kabla ya magharibi mamake Said alikuwa ameshajua. Asubuhi yake akapanda ngazi za Zaina na kapu la vyakula, nyuma yake wanawake wanne na chetezo cha udi.

Nilingoja waondoke ndipo nikaenda. Zaina alikuwa amekaa kwenye mkeka, mgongo ukutani, kapu halijafunguliwa. Chumba kilikuwa bado kina moshi wa udi, na mwanga ulikuwa unapita katikati yake polepole. Nikamweleza yote, kufuli, Maskati, Kapteni, Maalim. Sikuficha hata ile rafu ya tatu. Nilikuwa nalia, na nilikuwa naona aibu kulia, maana haki ya kulia ilikuwa yake.

Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hivyo haikuwa redio," akasema.

"Haikuwa redio. Ni mimi."

"Redio ingalinyamaza."

"Ingenyamaza."

"Wamenishika tumbo, Kadzo. Wote watano." Hakusema dada. "Haya, enda zako."

Nilipomweleza Bwana Jivan alivua miwani, akaifuta muda mrefu. "Mimi nafundisha wewe redio," akasema. "Mdomo sikufundisha. Hiyo kosa yangu." Akanipa nusu ya chapati yake. Nikaila kwa sababu sikujua la kufanya na mikono.

Likaja la kuongezea. Siku ya pili Bwana Nasoro akaniandikia kupitia handaki kwamba meli ya Said haijaitikia. Jua lilikuwa limechafuka juma lile, mawimbi yanapotea baharini. Barua ya Zaina ilikuwa imerushwa mara tatu bila kupokewa na sasa imelala kwenye sanduku lake la barua. Nimwambie, airushe tena au aifute? Fikirini. Barua ile ilisikika Mombasa, labda Unguja, labda Bombay, na aliyeandikiwa ndiye peke yake asiyeipata. Nilimjibu asirushe wala asifute. Haikuwa yangu. Nikaandika maelezo kwenye karatasi, nikaipitisha chini ya mlango wa Zaina kama mwenye nyumba anayedai kodi, nikashuka ngazi bila kupiga hodi.

Siku tatu sikumwona. Kamba yake ya nguo ilikuwa tupu. Kila nikisikia hatua kwenye ngazi za duka nilisimama. Mama mmoja aliniletea redio yenye mende ndani, nikaifungua, nikaifunga na mende wake, nikamrudishia. Usiku sikuota kitu ila kelele, zile kelele za wiki zangu mbili za mwanzo, na ndani yake mtu anaandika.

Najua mnataka kuniuliza habari ya mtoto, na wengine mmeanza kuruka mistari kumtafuta. Alizaliwa. Mzima, wa kiume, na kichwa kikubwa cha babake. Leo ana mabega ya mpagazi na ananiita mama mkubwa. Kwa hiyo tulieni, msome.

Siku ya nne, baada ya sala ya alasiri, Zaina aliingia dukani. Hakunisalimu. Alivuta kiti akakaa mbele ya kompyuta, akanyoosha mikono juu ya vitufe bila kuvigusa.

"Nataka kuandika mwenyewe," akasema. "Nioneshe palipo na herufi."

Sheria iliruhusu, maadamu mwenye leseni ameketi kando. Nikaketi kando. Nikamkumbusha, kwa sauti ndogo, kwamba kufuli linaishia Maskati.

"Nshafahamu linapoishia. Kaa kimya."

Alikuwa anatafuta herufi moja moja kwa kidole cha shahada. Ilimchukua karibu nusu saa. Nimeihifadhi barua ile, kwa ruhusa yake, na hivi ndivyo ilivyokuwa:

SAID NI MIMI ZAINA NAANDIKA KWA MKONO WANGU. NINA MIMBA MIEZI MITATU NA WIKI. NILITAKA UJUE WEWE KWANZA LAKINI UMEKUWA WA MWISHO. NA NYINYI MNAOSIKILIZA SIKUWAANDIKIA NYINYI ILA MUSHASIKIA. BASI KILA ALIYESIKIA ASEME MASHALLAH NA ATAJE JINA LAKE NIMJUE. ZAINA.

Kwa ambaye hajui, kwetu pwani ukiona kizuri cha mtu, mtoto au mimba au nyumba mpya, ukanyamaza nacho moyoni, ndipo watu wanapoogopa. Ukisema mashallah, umekiachia Mungu na jicho lako halina sumu tena. Zaina alishindwa kuwafunga watu masikio, kwa hiyo akaamua kuwafungua vinywa. Mimi fundi nisingewaza hilo hata kwa miaka mia.

Akabonyeza mwenyewe. Barua ikaingia handakini. Baada ya muda tukaisikia ikitoka Maskati na kurudi kwetu kwa juu, na herufi zake zikapanda kwenye kioo, naye akazisoma kimya, midomo ikicheza.

Wa kwanza alikuwa Kapteni, karibu kabisa, mlio mnene. MASHALLAH. MWACHIRO WA KIZINGO. Mtu ambaye hakurudia neno la mtu miaka thelathini. Zaina akaweka kidole kwenye kioo, juu ya jina.

Kisha kimya, na uvumi ule mwembamba. Kisha Unguja, wawili, mmoja baada ya mwingine, mume na mke wanaotumia redio moja. Kisha Bwana Nasoro kupitia handaki, akaongeza dua ndefu. Kisha kituo cha Bombay, mtu tusiyemjua, asiyejua Kiswahili. Baadaye Nasoro alituambia mtu huyo alimwandikia yeye kuuliza ni kitu gani watu hawa wanasema, na alipoelezwa akataka kusema pia. Kila taa ya kijani ilipowaka Zaina alivuta pumzi. Jua lilishuka dirishani, likapanda ukutani, likawa jekundu. Sikujua tena kama tuko Ndia Kuu au tunaelea mahali fulani juu ya maji pamoja na majina yale.

"Na huyu nani?" akawa anauliza.

"Simjui."

"Wala mie. Lakini kasema."

Na mwisho, dhaifu sana, herufi zikikatika, nikalazimika kuinama juu ya kitasa na kukigeuza kwa upana wa unywele, ikaja meli.

ZAINA NIMEPATA. MASHALLAH. MASHALLAH. USIPANDE NGAZI NA NDOO. NITAKUWA NYUMBANI KABLA YA SIKU YAKE. SAID.

Zaina alijifunika uso kwa ncha ya buibui, akakaa hivyo. Nilikaa mikono magotini, nisijue kama naruhusiwa kumgusa. Alipojifunua alikuwa amelowa uso mzima, na alinitazama kwa mara ya kwanza tangu aingie.

"Kapteni kasema. Unguja wamesema. Mhindi wa watu asiyenijua kasema." Akanishika mkono, akauweka mwenyewe juu ya tumbo lake. "Na wewe, dada Kadzo? Wewe hujasema."

Nikasema.